Uchaguzi wa Kitabu cha Kusomwa na Wengi: Mazingatio kutoka Magole

Methali yasema kwamba mchagua nazi hupata koroma. Ni onyo jema kwa mtu anayechagua kwa ajili ya chungu chake mwenyewe: akipata koroma hasara ni yake, na kesho atakwenda tena sokoni. Lakini mtu aliyetumwa sokoni na nyumba ishirini hana nafasi ya kukosea kwa wepesi huo. Koroma lake litafika katika vyungu vya watu wengi, na huenda asitumwe tena. Hali ya mtu huyo ndiyo hali ya kiongozi wa chama cha wasomaji siku ile wanachama wamemaliza kitabu kimoja na kuuliza ni kipi kitakachofuata. Aghalabu chama cha namna hiyo hakifi kwa uhaba wa watu wapendao kusoma. Hufa polepole, kwa kitabu cha pili au cha tatu kilichochaguliwa vibaya, watu wakaanza kutoa udhuru, na kikao kikabaki na watu watatu.

Swali hilo la uchaguzi laonekana dogo, nalo ni uhakiki wenyewe katika umbo lake la kwanza. Kuchagua kitabu mbele ya watu ni kusema kwamba hiki chafaa kuliko kile, na kutakiwa kutoa sababu papo hapo. Uhakiki wa Kiswahili ulioandikwa vyuoni umezoea kukipima kitabu kana kwamba msomaji wake ni mtu mmoja, ameketi peke yake, ana nakala yake, taa yake na saa zake. Kwa ajili ya msomaji huyo wahakiki wameuliza mengi yenye manufaa juu ya lugha, muundo na mawazo ya mtunzi. Swali moja wameliuliza kwa nadra: kitabu hiki kikisomwa na watu ishirini pamoja, watapata neno la kuambiana? Swali hilo ni kipimo halali cha kitabu, tena kiko karibu na desturi ya wasemaji wa Kiswahili kuliko vipimo vingi vilivyozoewa. Nacho hutoa jibu ambalo huenda likamshangaza mhakiki: kitabu kifaacho kusomwa na wengi si lazima kiwe kile kilicho bora kwa msomaji mmoja.

Desturi ya kusoma pamoja si ngeni. Tenzi za pwani zilitungwa ili zisikiwe. Hati ilikuwa moja, sauti ya msomaji ilikuwa moja, na masikio yalikuwa mengi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu mjini Dar es Salaam mwaka 1923, liliingia katika desturi hiyo hiyo: aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, na habari iliyokwisha kusomwa ilianza maisha yake ya pili katika mabishano ya wasikilizaji. Mtu anayesoma kimya, macho yake yakikimbia juu ya karatasi pasipo midomo kutikisika, ndiye mgeni katika historia hii.

Magole, katika wilaya ya Kilosa, ni mahali pafaapo kulijaribu wazo hilo. Pako kwenye barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, jirani na Dumila, katika nchi ya Wakaguru. Kikaguru kilitiwa katika maandishi mapema: J. T. Last, mmisionari wa C.M.S. aliyekaa Mamboya, alichapisha sarufi ya lugha hiyo mwaka 1886. Hata hivyo kitabu cha kusomwa na wote hapo hakina budi kuwa cha Kiswahili, kwa kuwa reli, mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba, na mabonde yenye rutuba yaliwaleta watu wa makabila mengi, wakulima na wafugaji, wakawa majirani. Magole iko kwenye njia ya Dodoma, Mikumi iko kwenye njia ya Iringa, na mji wa Kilosa uko katikati yao. Masika yakiwa makali majirani hao hutengwa. Januari 2014 mafuriko yaliiharibu Magole na vijiji vya karibu na kuikata barabara kuu yenyewe. Kwa hiyo chama cha wasomaji kinachokutana kwa simu, kwa maandishi na kwa sauti zilizorekodiwa, hakiwezi kuitwa anasa ya watu wa mjini. Ni njia ya kuvuka mto usiovukika.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kipo chama cha wasomaji wapatao ishirini, wengi wao wa Magole, wengine wa Kilosa mjini, wawili watatu wa Mikumi. Yumo mwalimu, mkulima wa mpunga, mwenye duka, fundi wa pikipiki, mwuguzi, mama anayeuza chakula kando ya barabara, na kijana aliyemaliza kidato cha nne. Wana nakala chache, fedha kidogo, na saa moja au mbili kwa juma. Watu hawa wasome nini?

Kabla ya kujibu yafaa kukumbuka kwamba Tanzania imewahi kuendesha usomaji wa pamoja kwa kadiri kubwa sana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili katika vikundi nchi nzima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Watu walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma sehemu ya kitabu inayohusu jambo lile lile, wakajadiliana, kisha wakaazimia la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Mafunzo mawili ya kampeni hiyo yastahili kurithiwa na kila chama cha wasomaji. La kwanza ni kwamba somo liligawanywa katika vipande vidogo, kila kikao na kipande chake kilicho kamili. La pili ni kwamba kikao hakikuishia katika kusikia. Kiliishia katika uamuzi wa waliohudhuria.

Lakini liko jambo moja lisiloweza kurithiwa. Kitabu cha Mtu ni Afya kilichaguliwa juu kikashushwa chini, na kwa habari za afya hilo lilikuwa sawa, maana malaria ya Magole na malaria ya Kigoma ni moja. Hadithi si dawa ya malaria. Watu walioletewa hadithi pasipo kuulizwa huisoma kama watu waliopewa kazi. Kwa hiyo chama cha wasomaji chapaswa kuchukua mbinu za kampeni ile na kuuacha mwelekeo wake: vipande vidogo, uamuzi mwishoni, lakini chaguo litoke kwa wasomaji wenyewe.

Zipo njia nne za uchaguzi zinazotumika sana, na kila moja ina ila yake. Ya kwanza ni kufuata orodha ya vitabu vya mitihani. Vitabu hivyo ni rahisi kupatikana, na kijana wa kidato cha nne anavijua. Ila ndiyo hiyo: anavijua kwa maswali yenye majibu. Akiulizwa habari za kitabu atataja dhamira, wahusika na mandhari, fani na maudhui, kila kitu katika sanduku lake, na mkulima wa mpunga aliyekuwa na neno la kusema juu ya mtu fulani katika hadithi atanyamaza kwa kudhani kwamba yeye hakusoma vizuri. Njia ya pili ni kufuata tuzo. Tuzo ni ushahidi wa waamuzi wenye elimu, na ushahidi huo hauna budi kusikilizwa. Lakini waamuzi hao walisoma kila mtu peke yake. Njia ya tatu ni kumfuata mtunzi wa nyumbani, kwa fahari ya kuona jina la mahali panapojulikana. Fahari hiyo huwafikisha wasomaji ukurasa wa kumi, haiwafikishi ukurasa wa mia. Njia ya nne ni kupiga kura, na kitabu chenye mikono mingi kushinda. Hii yaonekana kuwa ya haki kuliko zote, nayo yaweza kudanganya kuliko zote, kwa sababu watu hupigia kura kitabu wasichokijua, yaani hupigia kura jalada, au rafiki aliyekitaja.

Mahali pa njia hizo yapendekezwa maswali matatu. Je, kitabu chaweza kukatwa katika vipande ambavyo kila kimoja chajitosheleza kwa kikao kimoja? Je, chasomeka kwa sauti, ili nakala moja ihudumie watu wengi? Na kilicho kikubwa: je, chaacha shauri ambalo halikuamuliwa, ambalo watu wenye akili na nia njema waweza kulihukumu kwa namna mbili au tatu? Swali hili la tatu lina uzito usio wa fasihi peke yake. Wilaya ya Kilosa iliona, Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji ukichukua roho za watu. Katika nchi ya namna hiyo zoezi la kusikiliza maneno ya upande wa pili mpaka mwisho, kabla ya kutoa hukumu, halipaswi kuhesabiwa kuwa mchezo wa wasomi.

Vitabu vitano vyaweza kupimwa kwa maswali hayo. Cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Kwa swali la kwanza na la pili hakina mpinzani. Kila sura humaliza kwa jambo lenye kumvuta mtu arudi, na mazungumzo yake ya Kiunguja ni furaha ya mdomo na ya sikio. Chama kinachoanza, kisichojua bado kama watu wake watarudi juma la pili, hakitajuta kukichagua. Upungufu wake ni katika swali la tatu. Bwana Msa ndiye anayeamua. Akimaliza kueleza nani aliua na kwa nini, shauri limekwisha, na wasikilizaji hawana la kufanya ila kumsifu. Watu watabishana sana kabla ya mwisho, na baada ya mwisho hawatabishana hata kidogo. Ni kitabu cha kuwakusanya watu, lakini hakiwezi kuwaweka.

Cha pili ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Kwa sura ya nje ndicho hasa kinachotafutwa, maana chote ni kesi. Karama ameshtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Mshtaki wake ni Majivuno, waziri mkuu. Na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, wakalipwa kifungo. Mgawanyo wake ni kana kwamba ulifanywa kwa ajili ya vikao: mjumbe mmoja kwa juma moja. Lakini msomaji anayetazama kwa makini ataona kwamba kesi hii imekwisha kuamuliwa kabla ya kufunguliwa. Mtu aitwaye Majivuno hawezi kushinda mbele ya wasomaji, wala aitwaye Karama hawezi kushindwa. Majina yametoa hukumu. Wasomaji wa Magole, wakiombwa kusema nani ana haki, watasema kwa sauti moja, na kikao kitakwisha kabla ya chai kupoa.

Hata hivyo liko shauri jingine katika Kusadikika ambalo mtunzi hakulifunga. Wajumbe sita hawakutoweka usiku. Walionekana wakiondoka, wakaonekana wakirudi, wakatiwa kifungoni mmoja baada ya mwingine, na nchi ikaendelea. Je, wale waliokuwa wakitazama walikuwa na hatia gani? Walinyamaza kwa hofu, kwa mazoea, au kwa kuwa kila mmoja alidhani jirani yake ndiye atakayesema? Wasomaji wakiongozwa kuuliza juu ya watazamaji, wala si juu ya Karama, kitabu kilichoonekana kimefungwa kitafunguka. Lakini ufunguo huo uko mkononi mwa kiongozi. Kitabu chenyewe hakiutoi. Kitabu kinachomtaka kiongozi hodari ili kiweze kuzungumzwa si cha kupewa chama kichanga.

Cha tatu ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Hapa shauri liko wazi kabisa. Binti aliyelelewa kwa ukali wa baba anakwenda shuleni, anakutana na uhuru asioufundishwa, anaanguka, anajaribu kusimama, na mwisho anajiua. Nani aliyemwua? Baba yake Zakaria, mlevi aliyemchunga kwa fimbo? Shule? Wanaume waliompita? Charles, aliyemtaka akiwa msafi na kumkataa kwa kukosa usafi huo? Au Rosa mwenyewe? Kila jibu lina watu wake, na kila jibu lina ushahidi katika kitabu. Sentensi zake ni fupi, Kiswahili chake hakimkimbizi mtu wa bara, na mambo yake ni ya vijiji vyote. Kitabu hiki kilizuiwa kwa muda kisisomwe mashuleni, na zuio hilo lenyewe ni shahidi kwamba kiligusa palipo na maumivu.

Kwa kipimo cha tatu peke yake Rosa Mistika chashinda vyote vilivyotajwa mpaka hapa. Lakini uchaguzi wa kitabu cha wengi hauwezi kuwasahau hao wengi. Katika kikao kimoja atakuwamo baba mwenye mabinti, mwalimu anayewafundisha mabinti hao, na mama ambaye pengine yaliyompata Rosa yalimpata yeye au ndugu yake. Maneno yanayosemwa barazani hupita na upepo. Maneno yaliyoandikwa katika simu hubaki, na yaweza kuonyeshwa kwa wasiohusika. Mtu anayejua hivyo atasema kidogo kuliko anachofikiri, au atajificha nyuma ya hukumu kali dhidi ya Rosa ili asidhaniwe kumtetea. Basi kitabu kilicho na shauri kubwa kuliko vyote chaweza kuzaa kikao kilicho kimya kuliko vyote. Yafaa kisomwe, lakini kisomwe na watu waliokwisha kuaminiana, kikiwa cha tatu au cha nne.

Cha nne ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mtunzi kupata Tuzo ya Nobel. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kuwa rehani ya deni kwa mfanyabiashara Aziz, na anafuatana na msafara kwenda bara. Kwa wasomaji wa Kilosa na Mamboya, ambako misafara ya pwani ilipita, safari hiyo haikosi mvuto. Mwisho wake pia uko wazi, maana Yusuf anaukimbilia msafara wa askari wa Wadachi, na msomaji anaachwa aamue kama amejikomboa au amebadili bwana tu. Swali zuri kuliko hilo ni vigumu kulipata. Tatizo ni kwamba swali hilo limewekwa mwishoni mwa safari ndefu, na uzuri wa njia uko katika mambo madogo: mtazamo wa mtu, bustani, ukimya baina ya watu wawili. Haya humfaidi msomaji aliye peke yake, anayeweza kurudi nyuma kurasa mbili. Yakisomwa kwa sauti juma kwa juma, na mvua na kupalilia vikikata vikao, huenda uzi wake ukapotea. Kwa msomaji mmoja, kati ya vitabu hivi vitano, pengine hiki ndicho cha kuchukuliwa kwanza. Kwa chama cha Magole chaweza kungoja.

Cha tano ni mchezo wa kuigiza, Nguzo Mama, wa Penina Muhando, uliochapishwa na Dar es Salaam University Press mwaka 1982. Mtunzi alizaliwa Berega, katika nchi hiyo hiyo ya Wakaguru, mwaka 1948. Jambo hilo latajwa hapa ili liwekwe kando, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Mchezo huu hauhitaji msaada wa ujirani. Wanawake wa Patata wanataka kuisimamisha Nguzo Mama. Bi Msimulizi anasimulia, nyimbo na ngoma zinaingia kati, na wanawake, wanaoitwa kwa hesabu tu, Bi Pili, Bi Tatu na wenzao, wanajaribu kazi yao. Mmoja baada ya mwingine anakwamishwa: mambo ya nyumbani yanamwita, wanaume wanamvuta, wenzake wanamshuku. Mchezo unakwisha na nguzo haijasimama.

Msomaji aliye peke yake anaweza kuulalamikia mchezo huu, tena kwa haki. Bi Pili hana moyo wa ndani unaojulikana kama moyo wa Rosa au wa Yusuf. Msomaji hukutana na sauti, hakutani na nafsi. Maana ya nguzo yenyewe haifichwi sana. Akiusoma kimya kwa jioni moja, aweza kuuweka chini na kusema ameuelewa, na asiuchukue tena. Lakini yale yaliyo upungufu kwa msomaji huyo ndiyo manufaa kwa ishirini. Mtu asiye na jina ila hesabu ni kiti kitupu, na kila msomaji humketisha mtu anayemjua. Mgawanyo wa sauti ni mgawanyo wa kazi: nakala moja yatosha watu sita, na asiyepewa nafasi ya kusema ana wimbo wa kuitikia. Hapana haja ya kuuliza kama kitabu hiki chasomeka kwa sauti, kwa kuwa kimya ndicho kisichokifaa.

Shauri lake nalo halikufungwa. Kwa nini nguzo haikusimama? Wasomaji wengine watasema ni wanaume. Wengine watasema ni wanawake wenyewe na fitina zao. Wengine watauliza kama nguzo ilistahili kusimamishwa kwa namna ile, au kama ilikuwa mzigo uliotoka mahali pengine ukatupwa kijijini. Majibu hayo yana uzito sawa, na hakuna Bwana Msa wa kuyakata. Tena usomaji wenyewe huwaweka watu mahali wasipopazoea. Sauti za wanawake ni nyingi, na katika chama chenye wanaume wengi fundi wa pikipiki atapewa maneno ya Bi Tano. Aweza kukataa hoja ya Bi Tano baadaye, lakini kwanza atakuwa ameisema kwa kinywa chake, mbele ya watu. Hapo ndipo kumsikiliza mtu wa upande wa pili kunapopata mwili.

Haya hayakuja kwa bahati. Katika miaka ya 1980 Penina Muhando alikuwa miongoni mwa walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokwenda vijijini, Malya katika mkoa wa Mwanza pakiwa pamoja navyo, kufanya kazi na wanakijiji waliotunga michezo juu ya shida zao wenyewe na kuijadili. Katika kitabu chake juu ya utamaduni na maendeleo, kilichotoka mwaka 1991, alieleza imani kwamba sanaa za jukwaani ni njia ya watu kufikiri pamoja. Nguzo Mama ni tamthilia iliyoandikwa na mtu aliyekuwa akielekea huko. Mhakiki anayeipima kwa mizani ya riwaya atapata upungufu. Akiipima kwa mizani ya baraza atapata utimilifu.

Iko na sababu moja zaidi, nayo yatosha kuamua. Nguzo Mama ni habari za watu waliokusanyika kwa hiari ili kufanya jambo jema, wakashindwa kwa sababu wahusika walikuwa na nyumba za kurudia, na jirani wa kuwashuku, na uchovu. Hiyo ni habari ya kila chama cha hiari, na chama cha wasomaji kimo. Wanachama watakaouliza kwa nini wanawake wa Patata walitawanyika hawatakwenda mbali kabla ya kuulizana kwa nini juma lililopita walikuja saba tu. Kitabu kinachokifundisha chama kujitazama kabla hakijafa chastahili kuwekwa mapema. Kwa hiyo mpango unaofaa ni huu: Mzimu wa Watu wa Kale kwanza, ili watu wakusanyike, Nguzo Mama pili, ili wajifunze kuamua, kisha Kusadikika au Rosa Mistika, kwa kadiri ya uhodari wa kiongozi na imani iliyopatikana, na Peponi katika msimu wa nafasi, mavuno yakiwa yamekwisha.

Mpango si sheria, na chama kingine mahali pengine chaweza kuupindua. Kisichopaswa kupinduliwa ni namna ya kuufikia. Anayependekeza kitabu awe amekisoma chote. Asome kurasa mbili mbele ya wenzake. Kisha aseme, kwa sentensi moja, ni shauri gani ambalo kitabu kinaliacha. Asiyeweza kulisema hajakosa kitabu kizuri, ila amekosa kitabu cha wengi. Baada ya hapo kura zaweza kupigwa, maana sasa watu wanapigia kura kitu wanachokijua. Aliyependekeza asiwe kiongozi wa mjadala wa kitabu chake, kwa kuwa hakimu mzuri hajiteui katika kesi ya mtoto wake.

Juu ya nakala, simu imeleta jaribu jipya. Ni rahisi mno kupiga picha kurasa zote na kuzipeleka kwa wanachama wote usiku mmoja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamlinda mtunzi na mambo ya namna hiyo, na hata kama isingekuwapo, chama kinachomnyima mtunzi riziki kwa jina la kumpenda kinaukata mti kinaokalia. Njia iliyo bora ni ya kale. Kila kituo, Magole, Kilosa na Mikumi, kinunue nakala yake kwa mchango. Watu wa kituo wakutane waisome kwa sauti. Na simu ichukue hoja zao kwenda kwa wenzao walio mbali. Kitabu kikae kijijini, mabishano yasafiri.

Wahakiki wa Kiswahili wana la kujifunza hapa. Chama cha wasomaji wa kijijini kikimaliza kitabu na kuanza kugombania kinachofuata, kinafanya kazi ile ile inayofanywa katika majarida, na kwa sharti gumu zaidi, kwa maana uamuzi wake ukiwa mbovu viti vitabaki vitupu. Mhakiki anayetaka kujua kama hukumu yake ina uzima aipeleke mbele ya watu wa namna hiyo, wenye nakala tatu, taa moja na mvua nje, aone kama juma linalofuata watarudi.